Chavua ya Mchicha na Jangwa Lisilokuwapo

Ukiikuza mara 400, punje ya chavua ya mchicha ni mpira uliotobolewa vitundu vidogo kila upande. Jamaa zake wa majangwani, vichaka vinavyostahimili ardhi ya chumvi, wana chavua ya sura hiyo hiyo. Mpe mtaalamu punje mbili, moja ya bustani ya nyuma ya jiko huko Kayanga, nyingine ya nyika kame mbali kabisa na Kagera, na mara nyingi ataandika jina moja kwa zote: familia ya mchicha. Basi. Swali la kama punje imetoka jangwani au shambani, hadubini peke yake hailijibu.

Si kwamba chombo ni dhaifu. Mimea mingine hujitaja yenyewe. Chavua ya migunga mingi hukaa kwa mafungu, punje 16 zimeshikamana zikawa kama kisahani. Ya mbigili, ule mmea wa miiba inayotoboa kandambili, ni duara lenye wavu na matundu chungu nzima. Podo, kama ile ya Msitu wa Minziro wilayani Missenyi, hubeba mifuko miwili ya hewa ubavuni. Nyasi ndizo zinazochosha: punje laini, tundu moja, pete kulizunguka, na zote hufanana, ziwe za nyanda za Kyerwa au za kando ya barabara. Kwa hiyo mwaka 1976 Patricia Palmer alipendekeza watafiti wa maziwa ya Afrika Mashariki wachunguze pia vipande vya ngozi ya majani ya nyasi vilivyobaki kwenye tope, maana chavua imegoma kusema zaidi.

Kuzifikia punje hizo ni kazi ya asidi. Ganda la nje la chavua ni la sporopolenini, kitu kigumu kuliko karibu kila kilichomo kwenye tope, na maabara huutumia ugumu huo bila huruma. Tope huchemshwa kwa potasi ili uchafu wa mboji utoke. Kisha huja asidi ya haidrofloriki, ambayo huyeyusha mchanga na hula hata kioo, ndiyo maana vyombo vyake ni vya plastiki. Mwisho ni mchanganyiko uliobuniwa na Msweden Gunnar Erdtman: sehemu tisa za asetiki anhidridi kwa moja ya asidi ya salfa. Kinachosalia ni maganda matupu yenye rangi ya kahawia ya dhahabu, michoro yake ikionekana waziwazi. Mtaalamu huanza kuhesabu, na hupita punje 300 kabla ya kuridhika na sampuli moja.

Kila punje hulinganishwa na ya mmea unaojulikana, iliyobanduliwa kwenye ua la mmea uliokaushwa na kuhifadhiwa. Karagwe ina historia yake hapo. Mwaka 1861 wasafiri Speke na Grant walifika kwa Mukama Rumanyika. Grant akauguza mguu kwa miezi kadhaa, na katika safari hiyo alikusanya mimea iliyokuja kuelezwa London kati ya 1872 na 1875. Kwa chavua yenyewe, kitabu cha Raymonde Bonnefille na Guy Riollet cha mwaka 1980 kuhusu savana za Afrika Mashariki bado ni cha kufunguliwa mezani.

Mfano bora wa ukanda huu ni wa Robert Kendall. Mwaka 1969 alichapisha uchambuzi wa tope la Ghuba ya Pilkington, upande wa Uganda wa Ziwa Victoria. Tabaka za chini zilijaa nyasi, miti ya msitu ikiwa michache. Hakuishia hapo, alipima na kemia ya tope, nayo ikaonyesha ziwa lililopungua na kukosa mkondo wa kutokea. Mwaka 1996 Thomas Johnson na wenzake wakaonyesha kwamba ziwa lilikauka kabisa mwishoni mwa zama za barafu. Hapo nyasi na ukame vilikuwa na shahidi wa pili.

Juu zaidi, miaka kama 3,000 iliyopita, msitu wa Kendall unapungua tena. Ukame, au jembe? Tanuru nyingi za chuma ambazo Peter Schmidt alizichimba Buhaya ni za takriban miaka 2,000 hadi 1,500 iliyopita, na chuma hula mkaa. Lakini tanuru hizo zinakuja baada ya msitu kuanza kupungua, hivyo haziwezi kubeba lawama yote.

Kwa Karagwe na Kyerwa shida huzidi, kwa sababu ya mgomba. Ganda la chavua yake ni jembamba mno na asidi hailiachi. Isitoshe, ndizi za kupika za nyanda hizi zina seti tatu za kromosomu na chavua yake ni hafifu. Kijiji kizima cha vibanja kitafika chini ya lenzi bila mgomba hata mmoja. Kitakachoonekana ni msitu uliopungua, nyasi zilizoongezeka, na mchicha unaopenda udongo uliotifuliwa. Msomaji mwenye haraka ataandika: nchi ilikauka. Kumbe watu walikuwa wanakula matoke.

Dawa ni kutazama punje pamoja na majirani zake. Mchicha ukiandamana na mbigili, migunga na tope la chumvi, ukame una hoja. Ukiandamana na mbono na vumbi la mkaa, ni shamba. Mgomba wenyewe hutafutwa kwa njia nyingine, kwenye vijiwe vya silika vinavyojengeka ndani ya majani yake. Mwaka 2006 Julius Lejju na wenzake walitangaza kuvipata Munsa, Uganda, katika tope la zaidi ya miaka 5,000. Wapo waliokataa, na sehemu ya ubishi ni ya sura tena: vijiwe hivyo ni vya mgomba kweli, au vya ensete, nduguye wa porini?