Jinsi ya Kulijua Zeze Zuri

Anayetafuta zeze la Kigogo mkoani Singida aelekee Manyoni, maana nchi ya Wagogo haiishii Dodoma. Akifika, asivutwe na rangi wala nakshi. Ubora wa zeze uko katika wingi wa sauti zinazotoka pamoja kwenye uzi mmoja: ile nzito ya chini na zile nyembamba zinazoelea juu yake. Kila kiungo kikaguliwe kwa nia hiyo.

Tumbo

Huwa la kibuyu au la mti uliochongwa. Kibuyu kifaacho kimeachwa kikakomaa na kukauka vizuri. Kilichochumwa kichanga hunywea, kisha hupasuka. Kigonge kwa kifundo cha kidole huku ukikizungusha. Mlio ukibadilika ghafla mahali fulani, hapo ganda ni jembamba au lina ufa uliozibwa.

Kiwambo

Ngozi huwambwa ikiwa na maji, ikakazika kadiri inavyokauka. Tazama ukingoni: mikunjo ikirundikana upande mmoja, mvuto haukuwa sawa. Singida ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na wakati huo ngozi hunyonya unyevu ikalegea. Usilikatae zeze kwa ajili hiyo. Lianike juani kidogo. Sauti ikirudi, ngozi ni nzima. Isiporudi, imechoka. Zeze lililojaribiwa kiangazi tu bado halijajaribiwa.

Nyuzi na upinde

Waya uwe hauna kutu wala alama ya kukunjwa. Upinde upakwe utomvu wa kutosha, kwani usipopakwa huteleza tu. Sikiliza mwanzo wa kila mvuto: sauti nzuri huitika papo hapo.

Mkwaruzo na mvumo si kasoro. Kwenye ilimba, ndugu wa zeze katika muziki wa Wagogo, hubandikwa utando wa buibui juu ya matundu makusudi ili ivume. Wapigaji wa tanpura wa India nao hupenyeza uzi wa pamba chini ya kila waya, wakiutafuta mvumo kama huo. Kasoro ni mtetemo wa kigingi kilicholegea, unaojitokeza kwenye sauti moja na kunyamaza ukikishika.

Ngazi

Hapa ndipo wengi hulihukumu zeze kwa sheria isiyo yake. Usilipime kwa kinanda. Gerhard Kubik, aliyefanya utafiti Ugogo miaka ya 1960, alionyesha kwamba ngazi ya Kigogo imejengwa juu ya sauti zinazozaliwa zenyewe ndani ya mlio mmoja, ikiwemo ya saba. Hiyo ya saba iko chini ya noti ya kinanda kwa karibu theluthi moja ya nusu toni. Sikio lililolelewa na kinanda litasema zeze limekosea. Ukilirekebisha kulifuata, umelinyang'anya uzuri wake. Kipimo halali ni koo la mpigaji mwenyewe.

Mpigaji

Kwa kulizoeza sikio, anza na Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003 baada ya miaka mingi ya kufundisha Bagamoyo. Katika albamu ya Chibite ya mwaka 1996, aliyoirekodi na Charles Zawose, sikiliza jinsi koo na ala zinavyogawana sauti. Ukitaka wa kumlinganisha naye, msikilize Ram Narayan wa India (1927–2024), aliyeitoa sarangi, ala ya upinde yenye uso wa ngozi ya mbuzi, nyuma ya waimbaji na kuiweka peke yake jukwaani. Wote wawili wanaufanya uzi uitike kama koo.

Mpigaji wa kawaida huufuata wimbo kama kivuli. Stadi huimba, akanyamaza, akaliacha zeze limalizie. Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, mwambie fundi alipige huku akiimba. Ukifika mahali ukashindwa kutambua sauti ipi ni ya mtu na ipi ni ya uzi, acha ukaguzi, anza kupatana bei.