Epsom 2020: Walivyomwacha Serpentine Aende Zake

Tarehe 4 Julai 2020, uwanja wa Epsom nchini Uingereza ulikuwa na mbio mbili kubwa siku moja, kwenye nyasi zilezile na kwa umbali uleule: Oaks, ya farasi majike wa miaka 3, na Derby yenyewe. Love alishinda Oaks kwa dakika 2 na sekunde 34.06. Serpentine alishinda Derby kwa dakika 2 na sekunde 34.43. Maana yake ni kwamba dume aliyewaacha wenzake kwa urefu wa farasi watano na nusu, katika mbio zinazoheshimiwa kuliko zote za uwanja wa nyasi, alitumia muda mrefu kuliko jike aliyekimbia siku hiyohiyo. Rekodi ya Derby, iliyowekwa na Workforce mwaka 2010, ni dakika 2 na sekunde 31.33. Kwa saa, Serpentine hakufanya maajabu yoyote.

Ndiyo sababu kila ninapoitazama mbio hiyo macho yangu huwaacha farasi na joki walioshinda, yakaenda kwa wale 15 waliokuwa nyuma yao.

Kwanza hali yenyewe. Korona ilikuwa imeisogeza Derby kutoka Juni hadi Julai na majukwaa yalikuwa matupu. Mbio za maandalizi zilibanana, kwa hiyo hakuna aliyewajua vizuri farasi wote. Serpentine alikuwa amepata ushindi wake wa kwanza wiki moja tu kabla, Curragh nchini Ireland. Joki wake, Emmet McNamara, hakuwa ameshinda mbio yoyote tangu Oktoba ya mwaka uliotangulia. Wabashiri waliwapa bei ya 25 kwa 1. Zaidi ya hapo, mkufunzi wa Serpentine, Aidan O'Brien, alileta farasi sita, na joki wake mkuu, Ryan Moore, alikuwa amempanda Mogul. Farasi wa O'Brien asiyetajwa sana anapochomoka mbele, joki wenzake humsoma haraka: huyu ni sungura, katumwa kuvuta mwendo, atachoka kwenye kona.

Wakenya wanaofuatilia marathoni hawahitaji kuelezwa hatari ya usomaji huo. Mwaka 2000 Simon Biwott alikodiwa awe sungura wa Berlin Marathon, hakuacha kukimbia, akashinda.

Sasa njia. Derby ni takriban mita 2,400, na Epsom si uwanja wa tambarare. Mbio huanza kwa kupanda kilima, zaidi ya mita 40 kwenda juu katika sehemu ya kwanza, kisha njia inakunja kushoto na kuteremka hadi kona ya Tattenham. Baada ya hapo kuna kipande kilichonyooka cha kama mita 700, nacho kimeinama upande, kikimsukuma farasi aliyechoka kuelekea uzio wa ndani. Mita za mwisho zinapanda tena kidogo. Kila sehemu ina bei yake. Anayelazimisha mwendo kwenye kilima hulipa deni hilo mwishoni. Anayesubiri hadi kwenye mnyoofu ndipo achochee, atatakiwa kuongeza kasi huku miguu ya farasi wake ikitafuta mizani kwenye ardhi iliyolala.

McNamara alifanya mambo mawili, na yote mawili ni magumu kuliko yanavyoonekana. La kwanza, alitoka haraka, akashika uongozi, halafu akatulia. O'Brien alikuwa amemwambia aende kwa mwendo wake mwenyewe, na mwendo wa mtu mwenyewe juu ya kilima ni ule usiomvuta farasi mdomo. Farasi anapokwenda shoti, pumzi yake hufungamana na hatua: hatua moja, pumzi moja. Akivutwa hatamu, hatua inafupika, na pumzi pia. Akiachiwa hatua ndefu za kufanana, anavuta hewa vizuri na anaahirisha ule wakati misuli inapoanza kuwaka. La pili, alipofika kileleni hakuanza kuchezea mwendo. Joki wengi wanaoongoza hupunguza kasi hapo ili kuiba pumzi, na kundi linawakaribia kabla ya kona. McNamara aliuacha mteremko umfanyie kazi. Pengo likafunguka bila farasi kuchochewa, na walipoingia kwenye mnyoofu alikuwa mbele kwa kama urefu wa farasi kumi.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kuuma. Kwenye nyasi nzuri, sekunde moja ni sawa na urefu wa farasi karibu sita. Urefu wa farasi kumi basi ni sekunde 1.7 hivi. Tuseme kwa mfano tu kwamba kiongozi anamaliza kila falongi, yaani kama mita 200, kwa sekunde 12. Mnyoofu wa Epsom una falongi tatu na nusu, kwa hiyo atatumia sekunde 42. Anayemfukuza anatakiwa aumalize kwa sekunde 40.3, wastani wa 11.5 kwa kila falongi, tangu kona hadi mstarini, bila kupoteza hata hatua moja kutafuta nafasi ya kupenya. Farasi wa masafa haya anaweza kukimbia falongi moja kwa kasi hiyo, pengine mbili. Tatu na nusu mfululizo, baada ya kilima kile, ni kudai kitu ambacho hakimo mwilini mwake. Frankie Dettori juu ya English King, mmoja wa waliopewa nafasi kubwa, alimaliza wa tano. Kameko, bingwa wa mbio za 2000 Guineas, akiwa na Oisin Murphy, wa nne. Moore na Mogul, wa sita. Wote walikuwa wanakimbia mwishoni. Mbio zilikuwa zimekwisha zamani.

Je, walilala? Ni rahisi kuwalaumu ukiwa kitini, na siku ile wengi walilaumu. Mimi nadhani kila mmoja wao alikuwa na sababu ya maana, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Murphy alikuwa na farasi aliyeshinda maili moja, ambaye pumzi yake kwa maili moja na nusu ilikuwa bado swali. Ukiwa na farasi wa namna hiyo huanzi kufukuza kileleni. Dettori alikuwa na farasi anayetazamwa na kila mtu. Angesogea mapema, angewapasulia upepo wote waliojificha mgongoni pake, kisha wao wampite mita 100 za mwisho. Anayekwenda kwanza kumrudisha kiongozi hulipa gharama peke yake, ila faida ni ya kundi zima. Basi kila mmoja akamsubiri mwenzake, na wakati huo farasi mmoja anahesabu hatua zake kwa raha huko mbele. Akili 15 nzuri zilijumlishwa zikatoa uamuzi mmoja mbovu.

Ushahidi wa hili umo kwenye matokeo yenyewe. Wa pili alikuwa Khalifa Sat, bei yake 50 kwa 1. Wa tatu, Amhran Na Bhfiann, 66 kwa 1. Wote wawili walikuwa wamekaa karibu na mbele tangu mapema. Farasi watatu wasiotarajiwa wanapochukua nafasi tatu za kwanza, na hakuna hata mmoja aliyetoka nyuma, ujue siku hiyo mahali ulipokuwa kwenye kundi palikuwa na uzito kuliko damu na jina.

Watu hupenda kumlinganisha Serpentine na Slip Anchor, aliyeongoza Derby ya 1985 na kushinda kwa urefu wa farasi saba. Kwangu hizo ni kazi mbili tofauti. Slip Anchor ndiye aliyetegemewa kuliko wote, na Steve Cauthen, Mmarekani aliyelelewa kwenye viwanja ambako joki hufundishwa kuhesabu sekunde kichwani, aliwapeleka wenzake mwendo ambao hawakuuweza. Walijua, wakajaribu, wakashindwa. Mwaka 2020 hawakujaribu.

Mfano unaofaa zaidi ni wa mwaka uliofuata ule wa Slip Anchor, 1986, ila ukiutazama kinyume. Greville Starkey alimwacha Dancing Brave nyuma sana Epsom katika Derby iliyokwenda polepole, kisha akamwachia kwenye mnyoofu. Farasi alikuja kama mshale, akakosa kwa nusu ya urefu wake nyuma ya Shahrastani wa Walter Swinburn. Oktoba mwaka huohuo, katika mbio za Arc pale Longchamp nchini Ufaransa, Pat Eddery alimpanda farasi huyohuyo kwa mbinu ileile: nyuma, kwa subira, halafu nje ya kundi mwishoni kabisa. Safari hii mwendo wa mbele ulikuwa mkali, viongozi wakachoka, Dancing Brave akampita Bering akaweka rekodi. Shahrastani alikuwa wa nne. Subira ya Starkey iliitwa kosa, ya Eddery ikaitwa ustadi. Kilichobadilika zaidi kati ya siku hizo mbili ni kasi ya wale waliokuwa mbele, na joki aliye nyuma hana mamlaka juu yake. Ana uwezo wa kuipima tu, na akiona ni ndogo, kusogea kabla ya wengine hata kama itamgharimu.

Epsom mwaka 2020 hakuna aliyesogea. Septemba ya mwaka ule, Longchamp, Serpentine alikutana tena na Mogul katika Grand Prix de Paris. Mogul akashinda, Serpentine akawa wa nne.