Kuupima Mji wa Permakalcha

Mji wa permakalcha, yaani makazi na shamba vilivyopangwa kwa kuiga maumbile, ulioanzishwa kwenye ardhi tupu hupimwa kwanza kwa maji: yanaingilia wapi, yanatulia wapi na yanatokea wapi. Nyumba, udongo, miti na mifugo hupimwa baadaye. Hukumu nyingi zinazotolewa siku hizi zimeupindua mpangilio huu. Mji wenye tairi zilizopakwa rangi, bustani ya duara mlangoni na mchicha unaong'aa hupigwa picha na kusifiwa, ilhali nyuma ya jiko korongo linaendelea kuchimbika. Sifa za namna hiyo zina madhara, kwa sababu anayeanza huiga kinachosifiwa, na masika ya kwanza huondoka na udongo wake.

Kidodi, wilayani Kilosa nchini Tanzania, kwenye barabara itokayo Mikumi kwenda Kidatu na Ifakara, ni mahali pazuri pa kujifunzia upimaji huu. Juu iko milima ya Vidunda; chini yapo mashamba ya miwa na bonde la Ruaha Mkuu. Maji yashukayo mlimani hayana subira na mtu. Wilaya ya Kilosa inajua gharama yake: mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliwakosesha makazi maelfu ya watu na kuiharibu reli ya kati. Jina permakalcha lilitoka Australia, ambako Bill Mollison na David Holmgren walichapisha kitabu chao cha kwanza mwaka 1978, lakini kazi yenyewe si ngeni Tanzania. Vihamba vya Wachaga (mashamba ya nyumbani ya migomba na miti) na mifongo yake (mifereji ya maji), pamoja na mashimo ya ngoro ya Wamatengo wa Mbinga, ni vya zamani kuliko jina hilo.

Nyumba huwekwa begani mwa mteremko. Iliyowekwa kileleni huchapwa na upepo na haina ardhi ya juu yake ya kuiletea maji. Iliyowekwa bondeni hupokea maji ya kila jirani. Kuta ndefu huelekea kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la alasiri likutane na kuta fupi. Msingi ni wa mawe, kwa kuwa mchwa wa huku haheshimu mti uliochomekwa ardhini. Upande unaopakana na miwa huachiwa njia ya moto iliyopaliliwa hadi udongo, kisha safu ya migomba, kwa sababu miwa huchomwa kabla ya kuvunwa na cheche haziulizi mpaka. Mji uliosahau njia ya moto haustahili kukaguliwa zaidi.

Bati hukaguliwa kwa hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 60 za mraba, likinyeshewa milimita 50, hupokea lita 3,000 kwa mvua hiyo moja. Simtanki la lita 1,000 chini ya paa hilo si kosa, mradi bomba la maji ya ziada linapelekwa kwenye migomba au kwenye kinga maji la kwanza. Likimwaga ukutani, mwenye mji amenunua tanki la kubomolea msingi wake.

Makinga maji, yaani mitaro yenye matuta iliyochimbwa kwa kufuata kontua (mstari wa kimo kimoja), ndiyo moyo wa mji, na hapo ndipo mgeni hupotea. Hutazama urefu wa matuta, unyoofu wa mistari na mabingobingo yaliyostawi juu yake, kisha husifu. Jambo ambalo karibu kila mara humpita ni mlango wa maji ya ziada. Kila kinga hujaa siku moja. Lisilo na mlango hujichagulia pa kutokea, na huchagua penye tuta dhaifu. Likipasuka, hulipasua na la chini yake, na mvua ya saa moja inaweza kufuta kazi ya msimu mzima.

Mlango mzuri una sifa zake. Umekatwa kwenye ardhi ngumu ambayo jembe halikuigusa, kamwe haupiti juu ya udongo wa kujaziwa. Ni mpana, na sakafu yake iko sawa toka upande hadi upande, shibiri moja au zaidi chini ya mgongo wa tuta, ili maji yatoke kama shuka iliyotandazwa. Sakafu imeshikwa na ukoka, na mawe yamepangwa pale maji yanapotua. Mlango wa kinga la pili uko upande wa pili, ili maji yatembee shamba zima kabla ya kuondoka. Mlango mwembamba ni mbaya kuliko kukosa mlango, kwa sababu hutengeneza korongo kwa kukusudia.

Siku mbili baada ya mvua kubwa, mjuzi huinama na kutafuta mstari wa takataka: majani makavu, vijiti na povu lililokauka vilivyoachwa na maji kwenye ubavu wa tuta. Mstari ukiwa kimo kimoja toka mwanzo hadi mwisho wa kinga, kontua ilipimwa. Ukiwa juu upande mmoja na chini upande mwingine, haikupimwa, hata fundi aape. Kwenye mlango, ukoka unatakiwa uwe umelala upande mmoja bila mzizi kuchungulia. Mita chache chini ya mlango pasionekane hata mfereji wa upana wa kidole. Ishara hizi haziwezi kupambwa kwa ajili ya wageni.

Fundi wa kweli hutambulika pia kwa fremu A, kipimo cha usawa cha miti mitatu iliyofungwa kwa umbo la herufi A. Kabla ya kupima huisimamisha, hutia alama pale uzi wenye jiwe unapogusa ubao, huigeuza miguu, hutia alama ya pili, na katikati ya alama hizo ndipo penye usawa. Upepo ukivuma huiweka chini na kuchukua mpira wa maji wa waashi. Mjanja hujisifu kwa jicho. Huchimba asubuhi, hulipwa mchana, na kosa lake hujulikana masika yakishaingia. Zipo hila nyingine: miche ya kitalu iliyopandwa wiki moja kabla ya ugeni, matandazo mabichi yaliyofunika udongo uliokufa, mboga zilizolishwa urea na kuitwa kilimo hai. Zote huanguka mkono unapoingizwa ardhini. Chini ya matandazo ya kweli kuna unyevu, nyungunyungu na harufu ya msitu.

Bingwa wa kutajwa katika kazi hii ni Zephaniah Phiri Maseko wa Zvishavane, Zimbabwe, aliyefariki mwaka 2015. Alifukuzwa kazi ya reli miaka ya 1960 kwa sababu za kisiasa, akaenda kulima ardhi kame chini ya jabali. Utawala wa kikoloni ulikuwa umelazimisha mifereji ya kontua iliyoyatoa maji shambani. Phiri alichimba mashimo makubwa ndani ya mifereji hiyo, maji yakatulia na kuzama. Chini ya jabali alipanga kuta za mawe bila saruji ili mwendo wa maji upungue kabla hayajafika kwenye mazao. Alianza kwa kuyafuata maji mvua inaponyesha, na hakuna shule bora kuliko hiyo.

Baada ya maji huja udongo. Ule wa juu hutengwa kabla ya kuchimba na kurudishwa juu baada ya kuchimba. Mwaka 1955 Waluguru waliukataa mpango wa kikoloni wa kuwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi. Mojawapo ya malalamiko yao lilikuwa udongo wa chini usio na rutuba kuletwa juu. Walikuwa na haki. Miti hupangwa kwa ghorofa: mwembe na mfenesi juu, mgomba na mpapai katikati, magimbi na viazi vitamu chini, na gliricidia ya kukatwa kila msimu kwa matandazo. Banda la kuku hukaa juu ya bustani ili mbolea ishuke. Choo hukaa chini ya kisima na mbali nacho. Njia za ndani hupinda kwa kuifuata kontua. Njia iliyonyooka toka barabarani hadi barazani ni kasoro.

Mahame yaliyoachwa wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijiji vya pamoja, hadi leo hutambulika kwa miembe yake. Nyumba zimeanguka, mipaka imesahaulika, na miti bado inazaa bila mtu wa kuimwagilia. Wazee waliichagua ardhi kwa miguu na kupanda mti kabla ya kupanga ua. Kipimo chao hakijapatiwa mbadala.

Kwa hiyo mji usihukumiwe wakati wa kiangazi, wala katika mwaka wake wa kwanza. Uhukumiwe masika ya tatu, mvua kubwa inaponyesha na tena siku mbili baadaye, kuanzia kwenye mlango wa chini kabisa. Maji yanayotoka hapo yakiwa machache na maangavu, mji umejengwa. Yakitoka mekundu, bado haujajengwa, hata ukisifiwa vipi.