Swali Kabla ya Sentensi

Mwanzoni mwa kila mwezi, vituo vya afya vya halmashauri za Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika hufunga hesabu za vitabu vya MTUHA, yaani rejista za taarifa za huduma za afya, na takwimu zake huingizwa katika DHIS2, mfumo unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Kila namba inayoingia hupitia hatua nyingi za msimbo wa Java, na kila hatua ina la kusema: nimepokea, nimekagua, nimekataa. Yote yakiandikwa kwenye kumbukumbu za seva, kosa moja la kweli litazama humo lisionekane.

Anayelizuia hilo ni Log4j 2, maktaba inayoandika kumbukumbu hizo. Kila ngazi ya uzito imepewa namba: ERROR 200, WARN 300, INFO 400, DEBUG 500. Namba ikipungua, jambo ni zito zaidi. Ujumbe ukija, namba yake hulinganishwa na kikomo kilichowekwa, basi. Kwa kichakataji hiyo ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Ninachokistahi zaidi ni mpangilio wa hatua. Swali la kama namba inaruhusiwa na kikomo huulizwa kabla sentensi ya ujumbe haijaundwa. Fundi mzuri haunganishi mwenyewe jina la kituo, mwezi na idadi ya wagonjwa; huandika kiunzi chenye mabano matupu, {}, akaikabidhi maktaba vipande. DEBUG ikiwa imefungwa, vipande havishonwi kamwe. Na kama kipande chenyewe kinahitaji kutafutwa kwenye hifadhidata, hukabidhi njia ya kukipata badala ya kipande, ili utafutaji ufanyike pale tu unapohitajika. Uungwana wa namna hii hauonekani kwa mtumiaji, lakini seva huuhisi kila sekunde.

Tazama pia nafasi kati ya namba. Syslog ya Eric Allman, ya miaka ya 1980, ilizipanga ngazi zake kuanzia 0 hadi 7, zikiwa zimebanana. Kati ya 4 na 5 hapaingii kitu. Log4j 2 imeacha pengo la mia, na anayetaka ngazi yake ya 350 anaiweka bila kumsogeza yeyote.

Halafu kuna urithi. Sehemu ya DHIS2 iitwayo org.hisp.dhis.datavalue, isipopewa kikomo chake, hufuata cha mzazi wake, org.hisp.dhis. Takwimu za kituo cha Mpanda zikikataliwa, msimamizi hufungua DEBUG kwenye sehemu hiyo moja tu, na mfumo uliobaki ukaendelea na INFO yake.