Fungu la Torati la Kila Juma na Masimulizi ya Mbwaa: Maoni juu ya Usomaji wa Fasihi-Simulizi ya Meru na Embu

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuichunguza desturi ya Wayahudi ya kusoma fungu la Torati kila juma, na kuuliza kama wahakiki wa fasihi-simulizi ya Meru na Embu wana la kujifunza humo. Makala hayashughuliki na swali la kama Wameru ni Wayahudi waliopotea. Swali hilo limekwisha kula karatasi nyingi, na kwa maoni yangu limetusahaulisha jambo lenye manufaa zaidi: si asili ya masimulizi, bali namna ya kuyasoma.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja kutoka Tigania aliandika katika mtihani kwamba, kwa masimulizi ya nyanya yake, maji ya Mbwaa hayakugawanyika kwa fimbo. Yalikwenda zake, watu wakavuka, kisha yakarudi. Nilipiga mstari mwekundu chini ya maneno hayo na kumtaka ayalinganishe na kitabu. Nilikuwa nimerejea karibuni kutoka ng'ambo na shahada yangu ya uzamili, na nilidhani kazi ya mwalimu ni kulinda matini sahihi.

2. Desturi ya fungu la juma

Vitabu vitano vya Torati vimegawanywa katika mafungu 54. Kila fungu, liitwalo parasha, husomwa hadharani katika sinagogi siku ya Sabato, na kwa kuwa Sabato za mwaka hazitoshi kila mara, mafungu mengine husomwa mawili mawili. Siku ya Simhat Tora msomaji humaliza Kumbukumbu la Torati na papo hapo huanza tena Mwanzo. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema amekwisha kuisoma Torati.

Kabla ya Sabato kila mtu hutakiwa alipitie fungu mwenyewe: mara mbili kwa Kiebrania na mara moja katika Targumi, yaani tafsiri ya Kiaramu. Agizo hili limo katika Talmudi. Pamoja na matini husomwa wafasiri, na wa kwanza wao ni Rashi wa Troyes, Ufaransa (1040–1105). Daniel Bomberg alipochapisha Biblia ya marabi huko Venice mwaka 1516–17, aliiweka Torati pamoja na Targumi na maelezo ya Rashi. Matoleo ya baadaye yaliongeza wafasiri wengine, hata ukurasa ukawa kama baraza la wazee: maandiko yamekaa katikati, na wasemaji wa karne mbalimbali wameyazunguka, kila mmoja kwa jina lake, bila yeyote kumnyamazisha mwenzake.

Desturi hii si ngeni kabisa katika Afrika ya Mashariki. Abayudaya wa karibu na Mbale, Uganda, waliomfuata Semei Kakungulu alipoishika dini ya Kiyahudi mwaka 1919, walianza na Biblia ya Kiganda iliyotafsiriwa na wamisionari. Hawakuwa na marabi wala maktaba. Walikuwa na matini, na watu waliokubali kuirudia.

3. Masomo mawili yaliyozoeleka

Masimulizi ya Mbwaa yanajulikana. Wahenga wa Wameru waliishi Mbwaa, kando ya maji makuu, chini ya utawala wa watu waitwao Nguo Ntune, yaani wenye nguo nyekundu. Mabwana hao waliwapa mitihani isiyowezekana, kama vile kutengeneza kiatu chenye manyoya pande zote mbili na mkuki wa kufika mbinguni. Waliposhindwa kuvumilia, walitoroka wakiongozwa na mzee ambaye baadhi ya wasimulizi humwita Koomenjoe. Walifika majini, maji yakawapa njia. Waliovuka usiku wakawa Njiru (weusi), waliovuka alfajiri Ntune (wekundu), na waliovuka mchana Njeru (weupe).

Wasomaji wa kwanza ni wanahistoria. Hao huuliza Mbwaa iko wapi, na J. A. Fadiman, kwa mfano, aliitafuta katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Wasomaji wa pili huuliza juu ya Biblia. Wengine wao husema kwamba masimulizi yamechafuliwa na mafundisho ya wamisionari, kwani Wamethodisti walifika Kaaga mwaka 1912. Wengine husema kwamba ni ushahidi wa nasaba ya Kiyahudi. Makundi haya hubishana vikali, lakini yote huyatumia masimulizi kama daraja la kuvukia kwenda mahali pengine. Likishavukwa, hakuna anayegeuka kulitazama.

Ajabu ni kwamba wanaoshikilia kuwa masimulizi haya ni ya Kiyahudi hawajayasoma kama Wayahudi wasomavyo.

4. Mbwaa kama fungu

Tuseme basi tunayasoma hivyo. Fungu linalohusu kuvuka bahari huanza Kutoka 13:17 na kuishia 17:16. Msomaji wa juma huanza na maneno yenyewe, na humo hukuta tatizo. Katika 14:16 Musa anaamriwa ainue fimbo na kuunyosha mkono. Katika 14:21 anaunyosha mkono, lakini bahari inarudishwa nyuma na upepo mkali wa mashariki uliovuma usiku kucha. Je, ni fimbo au ni upepo? Rashi ananukuu mapokeo kwamba siku ile maji yote ya ulimwengu yalipasuka. Mjukuu wake, Rashbam, anasema kwamba Mungu alifanya kwa njia ya kawaida ya dunia, kwa kuwa upepo hukausha maji. Babu anakuza muujiza, mjukuu anaupunguza, na katika matoleo mengi wote wawili wamo katika ukurasa mmoja.

Sasa tumrudie nyanya wa Tigania. Maji yaliyokwenda zake na kurudi ni upepo wa Rashbam. Maji yaliyopasuliwa kwa fimbo ni muujiza wa Rashi. Isitoshe, katika nchi ya mlima maji hushuka tu. Mto hauendi na kurudi. Anayeijua tabia hiyo ya maji ni mtu wa pwani, azoeaye kuyaona yakijaa na kupwa. Sidai kwamba vitenzi viwili vinathibitisha safari kutoka Manda. Huenda vikawa na chanzo kingine. Nadai tu kwamba vilistahili kuulizwa, nami nilivipigia mstari.

Swali la pili ni nani alitangulia. Talmudi, katika kitabu cha Sota, imehifadhi majibu mawili. Rabi Meir anasema makabila yaligombania kushuka kwanza. Rabi Yehuda anasema kila kabila lilikataa, mpaka Nahshoni mwana wa Aminadabu akajitosa. Jibu moja linasifu umma, la pili linasifu mtu mmoja na kuaibisha umma. Hakuna lililofutwa.

Masimulizi ya Mbwaa nayo yamejali sana utaratibu wa kuvuka, lakini wahakiki wetu wameuchukua kama maelezo ya majina tu. Tukiyasoma kama fungu, tutauliza: waliovuka mchana walingoja nini? Waliotangulia gizani hawakuiona njia, waliofuata waliiona. Je, usiku ni heshima ya mashujaa au ni mapato ya waliosukumwa mbele? Na katika baadhi ya masimulizi mtu hutakiwa ajitolee kafara kabla maji hayajafunguka. Huyo ndiye Nahshoni wa Mbwaa, ila Nahshoni aliokoka. Tofauti hii ina uzito kuliko mifanano yote iliyokwisha orodheshwa, maana inatuambia jamii mbili zilivyofikiri juu ya gharama ya uhuru na juu ya anayeilipa.

5. Mfano wa Embu

Huko Embu kazi ya H. S. K. Mwaniki inatupa somo la karibu. Mwaka 1973 alitoa historia ya Embu na Mbeere, na mwaka 1974 alitoa matini za wazee zenyewe. Historia hutafuta mwendo mmoja wa mambo. Matini huacha wazee waseme. Wapo wasemao kwamba Waembu wametokana na Mwenendega na mkewe Nthara, ambao kumbukumbu yao imefungamana na kichaka kitakatifu karibu na Runyenjes. Wapo wasemao juu ya kuhama kutoka mbali. Wanafunzi wetu hutaka kujua lipi ni sahihi ili waliandike katika mtihani, nasi tumewazoeza kutaka hivyo. Lakini watu wanaosema kwa kinywa kimoja "tulitoka hapa" na kwa kingine "tulitoka mbali" hawajakosea; wanajadiliana juu ya haki yao katika ardhi wanayoikalia. Ukifuta sauti moja, umefuta mjadala wote.

6. Pingamizi na hitimisho

Yapo mapingamizi mawili ya haki. La kwanza ni kwamba Torati haibadiliki hata herufi, hali masimulizi hubadilika kila msimulizi anapofungua kinywa. Ni kweli. Lakini ninachopendekeza tuazime si uthabiti wa matini bali ukarimu wa ukurasa. La pili ni kwamba kusoma fungu ni ibada, na darasa si sinagogi. Nalo ni kweli. Hatuwezi kuwaamuru wanafunzi waamini. Tunaweza kuwazoeza kurudi.

Napendekeza idara ichague masimulizi machache, iyasome kila mwaka, na kila mwaka iongeze maelezo ya wasimulizi na wanafunzi pembeni, pamoja na mahali na tarehe, bila kufuta ya mwaka uliopita. Tangu Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipodai mwaka 1968 kwamba fasihi ya Kiafrika iwe kiini cha masomo Nairobi, tumekusanya mengi. Tuliyoyarudia ni machache.

Nilipokuja kumtafuta nyanya wa Tigania ili nimsikilize, niliambiwa amekwisha fariki. Kilichobaki kwake katika idara yetu ni sentensi moja ya mjukuu wake, yenye mstari mwekundu chini yake. Nimeinakili, nikaiweka mwanzo wa jalada la Mbwaa, na kando yake nikaacha nafasi.