Akeshaye Kando ya Maiti

Tamthilia ya Kifaransa iitwayo Zone Blanche, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2017, ilinivutia kwa msitu wake wenye ukungu, uliofanana mno na miteremko ya Mlima Kenya kati ya Runyenjes na Chogoria, na papo hapo ikanihuzunisha, kwani humo maiti huonekana, wapelelezi wakawasili, na hadithi ikaendelea, kana kwamba baina ya mauti na uchunguzi hapana kazi ya mtu.

Kwetu Embu na Meru kazi hiyo aghalabu ni ya naibu wa chifu: kuamshwa saa nane za usiku, kushuka kwa miguu katikati ya mibuni na migomba, kuwazuia majirani wasivuruge nyayo, kuutuliza umati uliokwisha kumhukumu mshukiwa, kisha kukesha kando ya maiti aliyefunikwa shuka, mvua ikinyesha, hata gari la polisi liweze kulipanda tope alfajiri. Na bado hajamaliza. Yeye ndiye abishaye hodi kwa mama mzazi wa marehemu, naye ataendelea kukutana na mama huyo sokoni kila juma, na kumwamkia.