Mofimu Kapa Jukwaani: Utambulisho wa Femu katika Maigizo ya Kundi la Split Britches

1. Utangulizi

Kiswahili kina neno jikedume, la kumtaja mwanamke aliyevuka mipaka ya uke uliozoeleka. Hakina neno la kukaa mkabala nalo: la mwanamke ambaye mapenzi yake yako kwa wanawake wenzake, lakini mavazi, nywele na mwendo wake havimtofautishi na mwanamke mwingine yeyote apitaye njiani. Upungufu huu si wa Kiswahili peke yake. Lugha hukipa jina kinachojitokeza na kukiacha kinachofanana na vingine. Katika jumuiya za wanawake hao nchini Marekani, mwanamke wa aina hii huitwa kwa neno lenye asili ya Kifaransa ambalo hapa tutaliandika femu. Mwenzake mwenye mwonekano wa kiume tutamwita buchi, na neno kwia litasimama kwa wote wasioingia katika mgawanyo uliozoeleka wa jinsi na mapenzi. Neno msagaji tumeliepuka kwa kuwa huja na hukumu yake tayari. Shoga nalo lina utata wake: mwanamke wa pwani akimwita hivyo mwanamke mwenzake anamaanisha rafiki, ilhali neno lilelile, likielekezwa kwa mwanamume, mara nyingi ni tusi. Utata huu wa nani anamwambia nani tutaurejea.

Makala haya yanahakiki kazi za kundi la Split Britches la New York, lililoanzishwa mwaka 1980 na Lois Weaver, Peggy Shaw na Deb Margolin. Jina la kundi linatokana na vazi la ndani lenye mpasuo lililovaliwa na wanawake wa mashambani, lililowawezesha kujisaidia haja ndogo bila kuacha kazi. Weaver ni mzaliwa wa Virginia, na igizo la kwanza la kundi linahusu wanawake wa ukoo wake katika milima ya Blue Ridge. Jina hilo linafaa kuangaliwa kwa makini: anayetazama kwa nje haoni kitu kigeni, na mpasuo uliofichika upo kwa ajili ya kazi.

2. Upinzani na upatanisho

Mwanafunzi wa mofolojia hujifunza mapema kwamba umoja wa neno kasha hauna kiambishi cha ngeli kinachoonekana. Tunasema kipo, tunakiita mofimu kapa, na tuna ushahidi wa aina mbili. Wa kwanza ni upinzani: kasha husimama dhidi ya makasha. Wa pili ni upatanisho: tunasema kasha limefungwa, na ile li- ya kitenzi ndiyo inayotangaza ngeli ambayo nomino yenyewe imeinyamazia.

Uhakiki wa Split Britches umeegemea mno ushahidi wa kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Sue-Ellen Case alichukua wazo la Joan Riviere la mwaka 1929 kwamba uke ni kinyago, akadai kuwa buchi na femu, wakiwa wawili kwa pamoja, wanaweza kukichezea kinyago hicho kwa namna ambayo mwanamke aliye peke yake hawezi. Ilikuwa hatua kubwa. Nadharia nyingi za wakati huo zilimwona mwanamke jukwaani kama kitu cha kutazamwa tu, na Case alimrudishia utendaji. Lakini alimrudishia akiwa nusu ya jozi. Buchi akitoka jukwaani, femu wa Case anabaki na nini?

Jozi hiyo inamwacha nje Margolin pia, mwanzilishi na mwandishi ambaye hakuwa buchi wala femu. Katika Beauty and the Beast (1982), Weaver ni sajini wa Jeshi la Wokovu anayeigiza Mrembo, Shaw ni mcheza dansi mkongwe anayeigiza Mnyama, na Margolin ni rabi anayeigiza baba wa Mrembo. Kila mmoja amebeba uhusika juu ya uhusika. Uke wa Mrembo unaonekana kuwa wa kuigizwa kwa sababu umewekwa juu ya usajini, na kwa sababu rabi naye yuko pale akiigiza ubaba. Ukimwondoa Margolin ili ubaki na wapenzi wawili, sentensi nzima inavunjika.

3. Mwanamke aliyejigeuza mwanamke

Ushahidi mzito zaidi uko katika Belle Reprieve (1991), igizo ambalo Weaver na Shaw walilitunga pamoja na Bette Bourne na Precious Pearl wa kundi la Bloolips la London. Linaivunja na kuijenga upya A Streetcar Named Desire, tamthilia ya Tennessee Williams ya mwaka 1947. Bourne, mwanamume aliyevaa gauni, ni Blanche. Shaw ni Stanley, na Pearl ni Mitch. Weaver ni Stella, na orodha ya wahusika inamweleza kuwa ni mwanamke aliyejigeuza mwanamke. Mzaha huo umebeba nadharia nzima. Kwa wale wengine watatu, mtazamaji anaona pengo kati ya mtu na anachokiigiza. Kwa Stella haoni pengo lolote, na bado anaambiwa lipo.

Nani anatuonyesha pengo hilo? Kwa mtazamo wa jozi, jibu lingekuwa Shaw. Nadhani ni Bourne. Blanche wake anaupenda uke waziwazi, kwa gauni, kwa madaha, kwa kujipamba kupita kiasi. Na kwa kuwa tunajua kwamba yote hayo alijifunza, tunaanza kumwuliza Stella: nawe ulijifunzia wapi? Femu anatambulika hapa kwa kupatana na femu mwingine, ambaye ni mwanamume.

Kuwa wa ngeli moja, hata hivyo, hakumaanishi kuwa na hali moja. Karibu na mwisho waigizaji wanauacha uhusika na kubishana. Bourne amechoshwa na vipande vya vichekesho na nyimbo. Anataka tamthilia halisi yenye kisa. Anajibiwa kwamba katika tamthilia hiyo halisi mwanamke hubakwa na kurukwa na akili. Bourne anakataa: hayo siyo aliyoyataka, alitaka tu kuvaa gauni zuri. Jibu hilo linachekesha na kutisha kwa pamoja. Mwanamume anaweza kulivua gauni kabla kisa hakijamfikia. Mwanamke hana mlango huo, na Weaver, aliyevaa uke usio na alama, yuko palepale jukwaani mjadala huo ukiendelea. Igizo haliifuti tofauti hii. Linawaonyesha watu wa jumuiya moja wakiusimamisha mchezo ili waulizane nani atalipa gharama ya uke wanaoupenda wote. Tuzo ya Obie ya mwaka huo walipewa waigizaji wote wanne kwa pamoja, na kwa maoni yetu uamuzi huo ulilielewa igizo kuliko makala nyingi zilizofuata.

4. Ukumbi

Upatanisho huu ulikuwa na anwani. Kufuatia tamasha la wanawake la Oktoba 1980, ulifunguliwa mwaka 1982 ukumbi wa WOW Café katika East 11th Street, ambao baadaye ulihamia East 4th Street. Hapakuwa na usaili wa kuchuja waigizaji wala mkurugenzi wa kisanaa. Aliyefagia, akashona au akafunga taa kwa ajili ya onyesho la mwenzake alijipatia nafasi ya kuonyesha lake. Aliyeketi kitini jioni hii aliweza kuwa ndiye aliyekuwa jukwaani wiki iliyopita. Hadhira ya namna hiyo ndiyo iliyobeba ile li-. Na kama lilivyo neno shoga, maana ilitegemea nani yuko mbele ya nani: gauni lilelile lililosomeka ukumbini halikusomeka ndani ya treni ya kurudi nyumbani.

Lakini upatanisho hudai sarufi inayofahamika na wote, na sarufi hii ilikuwa na wenyewe. Kate Davy, katika kitabu chake cha mwaka 2010 kuhusu WOW, analijadili suala la rangi katika ukumbi ambao wengi wa wanachama wake walikuwa Wazungu. Suala hilo linaigusa hoja yetu moja kwa moja. Blanche na Stella ni mabinti wa Kusini mwa Marekani, wa ukoo uliowahi kumiliki shamba kubwa. Uke wao ulikwisha kupewa rangi kabla Weaver hajavaa chochote. Kinachoonekana kuwa kapa kwa mtazamaji mmoja ni alama nzito kwa mwingine. Weaver hakuwa mgeni wa suala hili, kwani kabla ya 1980 alikuwa katika Spiderwoman Theater, kundi linaloongozwa na wanawake wa jamii za asili za Marekani. Hata hivyo, katika Belle Reprieve swali la jinsi linaulizwa kwa sauti kubwa, na la rangi kwa mnong'ono.

Ubishi kuhusu jozi, kwa upande wake, una jibu katika mhusika ambaye Weaver amemwigiza kwa miongo mingi: Tammy WhyNot, mwimbaji wa muziki wa kantri mwenye nywele za dhahabu aliyeuacha umaarufu wake akawa msanii wa maonyesho ya kwia. Katika miaka ya karibuni Tammy amekuwa akikaa na wazee na kuwauliza kuhusu kuzeeka na mapenzi. Shaw si mshirika wa lazima katika mazungumzo hayo. Wazee wanajibu, Tammy anauliza tena, na wigi kichwani mwake halijaribu kumdanganya yeyote.